Udongo Uliochoka

Kokushubira na mumewe Malimi waliishi Mkuyuni, juu mlimani kwenye mawe. Nyumba yao ilisimama juu ya mwamba. Ukichimba uani, jembe linagonga jiwe. Kwa hiyo Kokushubira alipanda mboga kwenye ndoo kuukuu na madumu yaliyokatwa. Alikuwa na vyombo kumi na viwili. Alipanda mchicha, sukuma wiki na nyanya chungu.

Mwaka huo baba yake, mzee Rwehumbiza, alihamia kwao kutoka Muleba. Mke wake alikuwa amefariki. Mzee alikuwa amelima migomba na kahawa maisha yake yote, na sasa hakuwa na shamba. Chakula alikigusa kidogo tu, kisha akasogeza sahani. Kitu kimoja kilimtoa chumbani: zile ndoo. Kila asubuhi alizimwagilia maji. Alitoa wadudu kwa vidole. Wakati mwingine Kokushubira alimsikia akiisemesha mimea kwa Kihaya.

Lakini ndoo zile zilikuwa na gharama. Kila baada ya mavuno, Kokushubira alimwaga udongo wa zamani korongoni. Aliamini umekufa. Kisha alinunua viroba sita vya udongo mpya kwenye kitalu cha miche, kila kiroba shilingi elfu saba.

Msimu ule kiwanda cha Nyakato alichofanyia kazi Malimi kilipunguza siku za kazi. Jioni moja Malimi alisema kwa upole kwamba fedha ya udongo haipo.

"Mboga za sokoni ni rahisi kuliko udongo wetu," alisema. "Tuziache ndoo kwanza."

Mzee alisikia. Asubuhi iliyofuata hakutoka nje. Siku ya pili pia hakutoka.

Kokushubira aliumia moyoni. Safari hii hakumwaga udongo. Alikwenda kwa jirani anayefuga ng'ombe, akapewa mbolea bure. Ilikuwa mbichi, bado ina unyevu na harufu kali. Alijaza ndoo sita kwa mbolea hiyo na udongo kidogo, akapanda miche ya sukuma wiki. Hakumwambia baba yake. Alitaka amfurahishe.

Siku ya nne majani yalikuwa yamekauka kingo kama yamepitiwa na moto. Siku ya sita miche yote ililala. Kokushubira alikuwa akiing'oa aliposikia mlango ukifunguliwa. Mzee alikuja, akainama, akachukua mbolea kidogo na kuinusa.

"Hii ni mbichi. Mbolea mbichi inaunguza," alisema. "Mwanangu, mbona hukuniuliza?"

Kokushubira aliitupa chini miche aliyoishika. Aliona haya. Ni kweli, alikuwa na mkulima ndani ya nyumba, naye alimwona kama mgonjwa tu.

"Basi nakuuliza sasa, baba. Tufanyeje?"

Mzee alifikiri. Akasema kuwa shambani angejua la kufanya, lakini mambo ya ndoo hayajui. Alitaka wamtafute anayejua.

Anayejua alikuwa karibu. Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Odeta, dada aliyefanya kazi kwenye kile kitalu cha miche. Alifika Jumamosi baada ya kazi. Alimsalimu mzee shikamoo, akakaa juu ya dumu, akaomba aone udongo wa zamani kwenye vyombo sita vilivyobaki.

"Udongo huu haujafa," Odeta alisema. "Umechoka tu. Mimea imekula chakula chake, na maji yameushindilia. Upeni chakula, upeni na hewa."

Akawaeleza taratibu. Kwanza, wautandaze juani siku chache, watoe mizizi na funza. Kama mmea ulikufa kwa ugonjwa, udongo wa chombo hicho wasiutumie tena. Kisha wachanganye ndoo mbili za udongo wa zamani, ndoo moja ya mbolea iliyooza vizuri, na ndoo moja ya maganda ya mpunga. Maganda hayo hutupwa kwenye mashine za kukoboa mpunga. Yanafanya udongo uwe mwepesi, mizizi ipumue. Mbolea iliyooza ni nyeusi, inavunjika mkononi, haina harufu mbaya. Na kila chombo kiwe na matundu chini, maji yasisimame.

Malimi alikuwa akisikiliza mlangoni. Alimuuliza Odeta kwa nini anawafundisha hayo, wakati kazi yake ni kuuza udongo.

Odeta alicheka. "Shemeji, udongo ukiwashinda mtaacha kupanda. Mkiacha kupanda, miche nitamuuzia nani?"

Wiki ile nyumba ilipata kazi. Malimi alileta magunia mawili ya maganda kutoka mashineni, bila malipo. Mzee alikwenda mwenyewe kwa mfugaji, akachimba chini ya lundo la zamani na kutoa mbolea iliyooza. Ile mbichi waliirundika pembeni, wakaifunika, ioze kwa ajili ya msimu ujao. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga yaliongezwa humo, hayakutupwa tena.

Siku ya kuchanganya, mzee alikunja suruali, akashika koleo. Kokushubira alitaka kumpokea koleo, mzee akakataa. Alichanganya hadi jua likawa kali. Kisha walijaza ndoo na kupanda. Fedha waliyotumia ilikuwa ya mbegu na miche tu.

Mvua zilipokuja, mchicha ulikuwa umefika magotini. Nyanya chungu zilianza kutoa maua. Jumapili moja Kokushubira alipika ndizi kwa maharage, na mchicha wa uani pembeni. Walikaa kula. Kokushubira hakumtazama baba yake moja kwa moja, aliogopa kuona sahani ikisogezwa.

Mzee alimaliza. Akapangusa midomo, akasogeza sahani mbele ya binti yake.

"Niongeze," alisema. "Na wewe Malimi, kesho unitafutie madumu mengine. Haya hayatoshi."