Wote Ndani, Twende Nyumbani

Asubuhi ya siku ya mwisho ya safari, mabakuli ya mbwa yalikutwa makavu. Noelene alikuwa ameyajaza maji sasa hivi tu, akayaweka chini ya ngazi ya karavani, ile nyumba yao ya magurudumu inayovutwa na gari, akarudi ndani kukunja matandiko. Alipotoka, yote mawili yamerambwa mpaka yanang'aa. Na mbwa wenyewe? Smoko, dume zee, na Dot, kijibwa kidogo, walikuwa wamejibanza chini ya gari, hawataki hata kuitwa.

"Merv! Nani kanywa maji ya mbwa?"

"Mimi," alijibu mumewe, huku akifunga minyororo ya kuvutia karavani. "Kwani hukunisikia nikibweka?"

Mzee kwa masihara yule, humwezi! Ila siku hiyo hata mzaha wake ulikuwa unakokota miguu. Vumbi jekundu lilikuwa limewaingia mpaka kwenye meno, nzi wamehamia machoni, na mgongo wa Merv ulikuwa unalia kama bawaba. Alichokitaka ni kimoja tu: awafikishe wote nyumbani salama, mke na mbwa, kisha alale kwenye kitanda kisicho na magurudumu.

Jana yake walikuwa wamepumzika penye ule mti mkavu kando ya barabara, ambao wasafiri huutundikia mikanda ya shingoni ya mbwa waliowafia njiani. Mikanda tele, mingine jua limeshakula majina. Wakati wa kuondoka Merv akapiga kofi bodi ya gari, kama afanyavyo kila kituo, akapaza sauti: "Haya, wote ndani! Twende nyumbani!"

Wote! Ndugu yangu, neno hilo usilimwage ovyo mahali usipomjua anayesikiliza.

Basi asubuhi hiyo ya mwisho wakaondoka. Gari lilivuta kwa shida, kana kwamba karavani imepakiwa mawe. Harufu ya mbwa aliyelowa ikawajaa puani, na nchi hiyo mvua ilikuwa haijaiona tangu mwaka juzi.

"Nyumbani bado mbali?" Noelene aliuliza, kofia ameivuta usoni, ndiyo kawaida yake akisinzia.

"Bado kidogo, bibie."

"Umesema hivyo tangu asubuhi, mwongo wewe."

Alasiri wakasimama kwenye kituo cha mafuta, nyumba moja ya mabati katikati ya ukiwa. Noelene akaiacha kofia kitini, akateremka kwenda chooni, nyuma ya jengo. Coral, mpishi wa pale, mama wa miraba minne, akatoka na aproni yake kuvuta sigara.

"Una mbwa wangapi, mzee?"

"Wawili. Hao hapo, kiti cha nyuma."

"Basi yule anayechungulia dirisha la karavani ni shemeji yako?"

Merv akacheka, kisha akasikia. Ndani ya karavani, kucha zilikuwa zikitembea juu ya sakafu, taratibu, zinakwenda, zinageuka, zinarudi.

Coral akashusha sauti. "Mlipita kwenye mti wa mikanda?"

"Tulipumzika hapo."

"Ulipoondoka ulisemaje?"

Merv akamwambia. Coral akaizima sigara kabla haijafika nusu.

"Umekialika mwenyewe hicho kilichomo. Sikiliza. Fungua mlango, kisha taja kwa jina kila unayekwenda naye nyumbani. Kila mmoja, umenielewa? Kiti cha utakayesahau kumtaja, hicho kitapata mwenyewe mwingine."

Harufu ya mafuta yanayoungua ikatoka jikoni. "Chipsi zangu!" Coral akakimbilia ndani.

Merv akaufungua mlango wa karavani, na harufu ile ikamtokea usoni nzito kama blanketi bichi, na jasho likamshuka, na kwa ule uchovu wa njia nzima uliokuwa umemtwanga kichwa, akaita yale majina aliyozoea kuyaita kila kituo, "Smoko! Dot!", na ngazi ikalia chini ya uzito asiouona, na nyayo za mbwa zikaanza kujichora zenyewe mchangani, moja baada ya nyingine, zikipita karibu na ndala zake, zikizunguka mbele ya gari, zikielekea upande wa pili.

Kucha hazikusikika tena. Karavani ilikuwa tupu. Merv akapumua, akiamini kimekwenda zake, akakomea mlango, akapanda nyuma ya usukani. Kwenye kiti cha pembeni, kofia ya Noelene ilikuwa imeshavutwa usoni.

"Tayari, bibie?"

Kofia ikatikisika. Akawasha gari.

Njia nzima mbwa hawakubweka. Walijikunyata pamoja, manyoya yamesimama. Merv akadhani ni uchovu, kama wake. Karibu na mji wao mtandao ukarudi, simu ikaita, namba asiyoijua.

"Merv, mjinga mkubwa wewe!" Ilikuwa sauti ya Noelene, imetota machozi. "Umeniachaje chooni? Nimekukimbilia nikipiga kelele mpaka nimekauka koo! Niko na Coral hapa, anauliza ulimtaja nani na nani. Merv?"

Merv akageuza kichwa. Pembeni yake kofia ilikuwa ikipanda na kushuka, harakaharaka, kwa pumzi ya mbwa aliyekimbia siku nzima juani. Mbele, taa za mtaa wao zilikuwa zinaanza kuwaka.

"Nimechoka, Merv," kikasema kilichokuwa chini ya kofia, kwa upole kabisa. "Nyumbani bado mbali?"