Nirekodie Hii

Kila Jumamosi, Editha akishafagia uwanja na kujaza ndoo, hukaa na baba yake kubandika karatasi za majina kwenye kanda za kwaya. Baba yake, Mzee Adelard, alikuwa mwalimu wa kwaya hapo Mtoni, Temeke, na wezi wa nyimbo walikuwa wamemchosha. Akitoa kanda leo, keshokutwa vibanda vinauza nakala. Basi kila kanda ya kuuza aliipachika sauti yake katikati ya nyimbo: "Kanda hii ni mali ya kwaya! Usinakili!"

Safi ilibaki moja tu, kanda mama, ile ya kutolea nakala. Aliivunja vijino vyake viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi juu yake, akaiweka kabatini.

Nikodemu, aliyekaa dawati moja na Editha darasa la sita, alinunua moja ya kanda za kuuza. Wimbo wa tatu uliongozwa na mama yake, Bernadeta, aliyefariki mwaka uliopita.

"Baba yako ananiudhi," Nikodemu alisema. "Mama akianza tu kupandisha sauti, mzee huyo hapo: mali ya kwaya! Kwani mie nimeiba? Si nimenunua?"

"Kamwambie mwenyewe."

"Thubutu! Si atanitimua?" Wakacheka. Kisha Nikodemu akainama. "Nataka nimsikie mama bila kelele. Mara moja tu."

Maneno hayo yalimkaa Editha rohoni, akamwahidi kumletea nakala safi. Jumatatu, baba alipokwenda kazini, alichukua kanda mama na hela aliyojiwekea, akaenda kibandani kwa Mashaka, fundi wa kurekodi.

"Shikamoo kaka Mashaka. Nirekodie hii. Nyimbo za kwaya."

"Marahaba. Pande zote?"

"Pande zote."

Akaenda dukani kununua mafuta ya taa. Aliporudi, Mashaka akampa kanda moja.

"Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi? Si umesema nikurekodie hii? Ilikuwa imevunjwa vijino, nikaziba matundu kwa karatasi. Nimekuwekea kwaya moja kali kweli, ya Mbeya."

Editha aliigeuza kanda mkononi: ni ileile ya baba. Yeye alitaka nakala. Lakini pale kibandani watu huleta kanda zao kuukuu wajaziwe nyimbo, na wote husema vilevile: nirekodie hii. Mashaka alipoelewa alishika kichwa. "Mdogo wangu, ungesema nakala! Hapa hakirudi kitu."

Njiani akafikiria kuirudisha kabatini na kunyamaza. Nani angejua? Lakini Nikodemu angeendelea kuingoja. Jioni akamwambia baba yote, huku analia.

Mzee Adelard aliiweka kanda redioni. Wakaimba watu wa Mbeya, wimbo mzima. Hakupiga kofi wala hakufoka. Aliitoa kanda, akavaa viatu.

"Twende kwa Nikodemu," akasema.

Nikodemu aliposikia, aliingia ndani akafunga mlango. Siku tatu hakumsemesha Editha. Siku hizo zote Mzee Adelard alizunguka kwa wanakwaya akiulizia. Ya nne, Mzee Didas, mpiga ngoma, akaleta kanda aliyorekodi mazoezini kwa redio yake ndogo. Ilikwaruza, kuku wakilia nyuma, na Bernadeta aliimba ubeti mmoja tu kati ya beti nne kabla haijakatika. Nikodemu aliusikiliza mara nne. "Ni yeye," akasema, akampisha Editha akae.

Waliporudi nyumbani baba alisema, "Kuanzia leo sipachiki kelele tena. Nilikuwa nagombana na wezi, kumbe nawafokea walionunua. Hilo kosa langu. Lako ni kwamba hukuniuliza."

"Ungekataa, baba."

"Labda. Ungeninunia, tungebishana hata wiki nzima, lakini wimbo safi ungekuwepo. Cha watu usikichukue kwa siri, hata kama unakwenda kukitendea wema. Kikiharibika, wema wako haukirudishi."

Editha aliitikia kwa kichwa. Beti tatu safi za Bernadeta zilikuwa zimekwenda, na aliyezipeleka ni yeye.