Saa Moja na Nusu Hewani

Albina alikuwa akifagia uwanja, kama kila asubuhi, simu ilipotetemeka kwenye fundo la kanga. Leonsi.

"Mpenzi, ndege imesogezwa mbele. Wanasema mpaka saa sita mchana."

Fagio likamdondoka.

"Leonsi, wazee wanakuja leo."

"Najua. Lakini Dar mpaka Songwe ni saa moja na nusu tu hewani. Usiwe na wasiwasi."

Hewani, sawa. Na kutoka Songwe kuja Sumbawanga? Tunduma kuna foleni ya malori, halafu barabara yote ile ya Ufipa. Albina aliyajua hayo tangu juzi, Leonsi alipomuuliza aje na basi au ndege. Naye akamjibu kwa sauti yake ya woga, "Fanya unavyoona."

"Sawa," akasema na leo.

Kwao hapa Pito, kando ya Sumbawanga, pombe ya posa hufunuliwa siku ileile inapoiva, na mposaji mwenyewe hupokea kikombe cha kwanza kutoka mkononi mwa binti. Jua likizama hajafika, wazee wanainywa kama pombe nyingine yoyote, na posa imekufa.

Mchana wazee wakajaa uwanjani. Shangazi Rozina hakukawia.

"Hiyo ndege inatoka Dar au Ulaya?"

Watu wakacheka. Mzee Leonardi, baba mdogo wa Leonsi, akajikohoza.

"Mama, kijana yuko njiani."

"Njiani wapi? Angepanda basi angeshafika, akalala, akanyoa na ndevu!"

Ujumbe ukaingia: "Nimeshuka Songwe. Nimepata gari, Noah, nakuja."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana.

Shangazi akamfuata Albina jikoni, akamnong'oneza, "Ana mwingine huko. Mwanaume anayekutaka hachelewi posa yake."

Albina akaendelea kusugua kikombe ambacho kilikwishatakata zamani.

Jua likaanza kuwa jekundu ukutani. Mzee Polikarp, baba yake, akasimama na kuchukua kata.

"Ndugu yangu Leonardi, tumesubiri. Sitaki kukuvunjia heshima, ila pombe hii hailali."

Simu ikaita mkononi mwa Albina.

"Weka sauti kubwa," baba akaagiza.

"Albina, tuko Laela. Tairi limepasuka, wanabadilisha." Upepo ulivuma ndani ya simu. "Jua na mimi naliona. Wameshakunywa?"

Albina akaitazama kata mkononi mwa baba.

"Kama wameamua, niambie nigeuze. Sitaki uaibike kwa ajili yangu."

Shangazi akakunja mikono kifuani. Baba akainama kufunua chungu cha pombe. Yale maneno ya siku zote yakamjia Albina mdomoni: fanya unavyoona. Akayameza. Akasogea, akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Baba, naomba usimimine."

Alinong'ona tu. Mzee Polikarp akamtazama binti yake, kata ikining'inia mkononi.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Laela ni mbali."

Albina akaisogeza simu mdomoni. Sauti haikutetemeka.

"Leonsi, usigeuze! Nilitaka uje na basi, nikaogopa kukwambia. Sasa nasema, na baba anasikia, na shangazi anasikia: nakutaka wewe. Chungu hiki hakifunuliwi mpaka ufike."