Sikukuomba Uniamini, Nilikuomba Uhesabu

"Leandro, umenakili hesabu zangu?"

Maitena aliuliza taratibu, na utaratibu wake ndio uliomtisha mchumba wake.

Pale kwenye kituo cha kuongozea setelaiti, nje kidogo ya Buenos Aires, sharti ni moja: setelaiti ikihama mahali pake angani, watu wawili wanahesabu namna ya kuirudisha, kila mtu chumbani kwake. Majibu yakikaribiana, amri inatumwa. Ya hawa wawili yalifanana mpaka tarakimu ya mwisho, na hilo halitokei. Mkuu wao, mama Ofelia, akaguna, akasema amri haitumwi mpaka Leandro arudie.

"Nilikuamini, mpenzi."

"Sikukuomba uniamini. Nilikuomba uhesabu."

"Wewe hukosei, Maite."

"Kumbe siku nikikosea utanipigia makofi huku naanguka. Mume wa hivyo simtaki. Harusi hakuna."

Masikini Leandro. Walibakiza wiki moja tu wafunge ndoa. Akampigia mama yake kumlilia, kisha akajifungia, akahesabu mwanzo hadi mwisho. Jasho likamtoka: jibu lake lilikuwa kinyume kabisa na la Maitena. Akarudia, likawa lilelile. Mwanamke kashakasirika, umwendee na habari kama hiyo?

Ujumbe wa mama yake ukaingia: "Muombe radhi, mwanangu. Mwambie yeye ndiye yuko sahihi."

Akaizima simu, akatoka mbele za watu.

"Maitena, umekosea."

"Wapi?"

"Setelaiti imesogea magharibi, wewe unaisukuma mbele, mashariki. Ikisukumwa mbele itapanda, ikipanda itachelewa, na itazidi kwenda magharibi mpaka ikaribie kugongana na setelaiti ya jirani. Tuipunguze mwendo, ishuke, ndipo itawahi kurudi."

Maitena akainamia karatasi. Uso ukamwiva kwa aibu. Kosa la mwanafunzi, na lingeharibu mawasiliano ya nusu nchi. Mama Ofelia naye akahesabu, akakubaliana na Leandro, amri ikatumwa.

"Uliogopa kuniambia?" Maitena akamuuliza.

"Sana. Nusura nikwambie uko sahihi, kama mama alivyoniagiza."

Maitena akacheka huku machozi yanamtoka. Akachukua simu yake, akampigia mama mkwe.

"Mama, harusi ipo. Mwanao kanikosoa mbele ya ofisi nzima, na huyu ndiye ninayemtaka."