Glenda na Akiba ya Pauni 352

Kila Jumapili mchana, Glenda Sugden na mumewe Neville walikula kwa Bi. Winifred, mama yake Neville. Nyumba ya Bi. Winifred iko kilimani, hapo Keighley, Uingereza, mtaa wa tatu kutoka relini. Kazi ya Glenda ilikuwa kumenya viazi. Kazi ya Maxine, dada yake Neville, ilikuwa kuchelewa.

Jumapili moja ya Februari Maxine aliingia akiwa na koti jipya la rangi ya zabibu. Aliketi mezani bila kulivua.

"Limekukaa vizuri," akasema Bi. Winifred. "Umelipata kwa bei gani?"

"Bure, mama."

"Bure vipi?"

"Nimehama kampuni ya umeme na gesi, nimechagua nyingine. Nimeingia kwenye ile tovuti ya kulinganisha bei, ikanionyesha naokoa pauni mia tatu thelathini na sita kwa mwaka. Basi nikasema, koti hili imelinunua kampuni."

Bi. Winifred aliweka uma chini. "Mia tatu thelathini na sita. Huyu mtoto kichwa chake kilikuwa kizuri tangu shuleni." Kisha akamgeukia Glenda. "Na nyinyi je, mmehama?"

"Sisi tuko vivi hivi tu, mama," akajibu Glenda.

"Vivi hivi, huku mnamwaga hela," akasema Maxine. "Wifi, wenzako wameamka zamani. Hebu nisogezee huo mchuzi."

Glenda alimsogezea mchuzi. Roho ilimuuma hata nyama ikakosa ladha. Haikuwa kwa sababu ya koti. Alikuwa ameolewa katika familia ile miaka ishirini na sita. Alimenya viazi vya Jumapili zote hizo. Bi. Winifred hakuwahi hata mara moja kuweka uma chini kwa ajili yake.

Kesho yake Glenda alirudi kutoka kazini, jikoni mwa shule ya msingi. Hakuvua hata viatu. Alifungua kompyuta na kuitafuta tovuti ile.

Tovuti iliuliza maswali. Mnaishi watu wangapi? Nyumba ina vyumba vingapi vya kulala? Mnawasha mashine ya kupasha nyumba joto saa ngapi? Kwa mwaka mnatumia uniti ngapi za umeme, na ngapi za gesi?

Uniti hakuzijua. Palikuwa na kisanduku kimeandikwa "Sijui, nikadirie." Akakibonyeza. Mengine aliyajibu kwa ukweli: watu wawili, vyumba viwili, joto jioni tu.

Jibu likatokea kwa maandishi makubwa ya kijani: "Unaweza kuokoa pauni 120."

"Mia na ishirini," akanong'ona. Aliitazama namba ile kama soksi iliyotoboka. Angeipeleka vipi mbele ya Bi. Winifred?

Akarudi nyuma. Watu wawili akawafanya wanne. Vyumba viwili vikawa vinne. Joto la jioni likawa la kutwa. Kila alipobadilisha jibu, namba ilipanda. Mia mbili na tano. Mia mbili na tisini. Mia tatu hamsini na mbili.

Neville alikuja na kikombe cha chai, akachungulia. "Watu wanne ni nani?"

"Wageni huja."

"Mgeni gani? Dada yako alikuja mwaka juzi, akalalamikia godoro tangu alipoingia."

"Neville, niache nifanye kazi."

"Na vyumba vinne? Kile cha tatu umekijenga lini?"

Glenda alibonyeza kitufe cha kuhama.

Jumapili iliyofuata alisubiri mpaka pai ikakatwa. Kisha akasema, kama mtu asiyejali, "Na sisi tumehama. Mia tatu hamsini na mbili."

"Maxine, umepitwa," akasema Bi. Winifred, akampa Glenda kipande kikubwa cha pai. Maxine alitafuna kimya. Ukimya ule ulikuwa mtamu kwa Glenda kuliko pai yenyewe.

Siku mbili baadaye ilikuja barua ya kampuni mpya. Neville aliisoma akiwa amesimama.

"Glenda. Hapa wanasema watatukata benki pauni mia na thelathini na moja kila mwezi."

"Haiwezekani. Ni kampuni ya bei rahisi."

"Sasa hivi tunakatwa sabini na nane."

Glenda aliinyakua barua. Ilikuwa kweli. Tangu Neville apunguziwe siku za kazi kwenye karakana ya mabasi, kila pauni ya nyumba ile ilikuwa na kazi yake. Pauni hamsini na tatu zaidi kila mwezi zingetoka wapi? Tena atakayemwambia Bi. Winifred ni nani? Usiku ule usingizi haukumjia. Si hela zilizomkosesha, ni sura ya Maxine akicheka.

Alhamisi, katika maktaba ya mji, huwapo meza ya ushauri. Anakaa mama mmoja aitwaye Nasreen Mirza, anayesaidia watu na mambo ya bili. Glenda alikaa kwenye kiti cha mwisho. Watu watatu waliofika baada yake aliwapisha. Hatimaye Nasreen mwenyewe akamwita.

"Karibu, mama. Usiogope, hapa hakuna anayechekwa."

Glenda alisimulia yote. Ya watu wanne aliyasema kwa sauti ndogo.

Nasreen alijizuia kutabasamu. "Umehama siku gani?"

"Jumatatu ya wiki jana."

"Leo ni siku ya kumi. Una siku kumi na nne za kughairi bila kulipa chochote. Hujachelewa. Lakini kwanza tuelewane, usije ukarudia. Umekuja na bili?"

Glenda alitoa bili ya kampuni ya zamani, ile ya mwaka mzima, ambayo hakuwahi kuifungua. Nasreen aliikunjua, akaweka kidole. "Hizi hapa uniti zako. Umeme elfu mbili na mia moja. Gesi elfu tisa. Wewe uliiambia tovuti una nyumba ya watu wanne, ikakukadiria karibu mara mbili ya hizi. Ukitumia sana, akiba inaonekana kubwa. Lakini na malipo yako ya kila mwezi yanapangwa kwa makadirio hayo hayo. Ndiyo hiyo mia na thelathini na moja."

"Kumbe nimejichimbia mwenyewe."

"Kidogo. Sasa nikuulize. Hiyo akiba, unadhani wamelinganisha na nini?"

"Na ninacholipa sasa."

"Wengi hudhani hivyo. Tovuti inauliza kitu kingine. Inauliza: huyu mama akikaa tu, asifanye lolote, atalipa ngapi miezi kumi na miwili ijayo? Tazama hapa. Mkataba wako ni wa bei iliyofungwa, haibadiliki mpaka uishe. Unakwisha lini?"

Glenda alisogeza miwani. "Mwisho wa Juni."

"Imebaki miezi mitano. Pauni sabini na nane mara tano ni mia tatu na tisini. Mkataba ukiisha, na hujachagua mwingine, kampuni inakuweka kwenye bei yake ya kawaida, ambayo ni ghali. Kwako itakuwa pauni mia na mbili kwa mwezi. Miezi saba ni mia saba na kumi na nne. Jumla?"

"Elfu moja mia moja na nne," akasema Glenda. Jikoni mwa shule alizoea kujumlisha sahani.

"Vizuri. Mkataba mpya, kwa uniti zako za kweli, ni pauni themanini na nne kwa mwezi. Mwaka mzima ni elfu moja na nane. Toa."

"Tisini na sita."

"Hiyo ndiyo akiba yako kwa hesabu yao. Bado kuna ada ya kuvunja mkataba mapema, pauni thelathini ya umeme na thelathini ya gesi. Tovuti uliyotumia imeiandika chini kwa herufi ndogo, haikuitoa kwenye akiba."

"Basi inabaki thelathini na sita. Na kila mwezi ningelipa themanini na nne, wakati sasa nalipa sabini na nane."

"Umeelewa."

"Kwa hiyo wanadanganya."

Nasreen alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Ukikaa tu, kweli utalipa hiyo bei ghali. Wanajibu swali lao. Wewe uliwauliza swali lako, ukachukua jibu la swali lao."

Moyoni Glenda alijua kwamba hata swali lake halikuwa la bili. Aliuliza atampitaje Maxine.

"Nifanye nini sasa?"

"Ghairi leo. Bakia na mkataba wako. Katika wiki saba za mwisho za mkataba unaruhusiwa kuhama bila ile ada. Katikati ya Mei uje, au ufanye mwenyewe. Andika uniti za kwenye bili. Halafu tafuta palipoandikwa 'onyesha zote.' Usipobonyeza hapo, huenda ukaonyeshwa zile kampuni zinazoilipa tovuti tu. Na mwisho, usiitazame namba ya kijani. Tazama utakatwa ngapi kwa mwezi, ulinganishe na unachokatwa."

Glenda alipiga simu pale pale mezani. Dakika kumi na mbili za muziki, dakika mbili za maneno, na mkataba ukafutwa.

Kwa Bi. Winifred hakusema kitu. Kila Jumapili mama mkwe alimsifu kwa jirani yake kwenye simu: "Huyu mkwe wangu ameokoa mia tatu hamsini na mbili." Glenda alimenya viazi akainamia beseni. Sifa alizozitamani miaka ishirini na sita zilimfikia, na kila moja ilimchoma.

Katikati ya Mei alikaa na Neville mbele ya kompyuta. Neville alisoma uniti, Glenda akaandika. Walibonyeza "onyesha zote." Orodha ikawa ndefu, na chini kidogo ikatokea kampuni ambayo mara ya kwanza haikuwamo. Pauni sabini na nne kwa mwezi.

"Nne pungufu," akasema Neville.

"Mara kumi na mbili, arobaini na nane kwa mwaka."

"Na watu ni wawili?"

"Wawili, Neville. Usinichokoze."

Julai, kampuni mpya ilikata pauni sabini na nne, kama ilivyosema. Jumapili iliyofuata Bi. Winifred alianza tena habari ya mia tatu hamsini na mbili. Glenda akaweka uma chini.

"Mama, si mia tatu hamsini na mbili. Niliandika uongo kwenye tovuti ili nimpite Maxine. Nilighairi. Akiba yetu ni arobaini na nane."

Maxine akacheka. "Arobaini na nane. Wifi, hiyo ni bei ya viatu, tena vya mtoto."

"Ni za kweli," akasema Glenda. "Nimezilinganisha na nilichokuwa nalipa." Masikio yalimwaka moto, lakini alikula viazi vyake vyote.

Baadaye aliosha vyombo peke yake. Mlango ulifunguka, Maxine akaingia. Alichukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Hakuwahi kufanya hivyo kabla.

"Wifi," akasema taratibu. "Hiyo ya kulinganisha na ulichokuwa unalipa. Mimi nilikuwa nakatwa tisini. Sasa nakatwa tisini na mbili. Nimewapigia mara mbili, wanasema hakuna kosa. Mia tatu thelathini na sita zangu ziko wapi?"

Glenda alihisi utamu ukimpanda mpaka kwenye ulimi. Sauti ya Bi. Winifred ilisikika chumba cha pili. Neno moja tu kwa sauti kubwa lingetosha. Alisimama na sahani mkononi, povu likimchuruzika kwenye kiwiko.

Kisha akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika.

"Ulipohama, mkataba wako ulibakiza miezi mingapi?"

"Miwili."

"Na bei ya kawaida ya kampuni yako ya zamani?"

Maxine alitafuta kwenye simu. "Mia na ishirini na sita."

Glenda alikausha mikono, akaandika nyuma ya bahasha. "Miwili ya tisini, mia na themanini. Kumi ya mia na ishirini na sita, elfu moja mia mbili na sitini. Jumla elfu moja mia nne na arobaini. Mpya, tisini na mbili mara kumi na mbili, elfu moja mia moja na nne. Toa."

Maxine alitoa kwa simu yake. Akakaa kwenye kigoda. "Mia tatu thelathini na sita. Zimetokea hizo hizo."

"Hawakukuibia. Ungekaa bila kuhama, leo ungelipa mia na ishirini na sita. Umekwepa bei ghali. Ila hela ya kushika mkononi haikuwepo."

"Na mimi nilishaitumia." Maxine aliutazama mlango. "Kwa nini hukusema pale mezani?"

"Nilitaka," akasema Glenda. "Mpaka sasa nataka kidogo."

Maxine alicheka kwa pua, akaokota sahani nyingine. "Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Februari."

"Basi katikati ya Januari uje kwangu. Uje na bili yenye uniti."

Alikuja. Walikaa mezani kwa Glenda, wakaandika uniti za kwenye bili, wakabonyeza "onyesha zote." Namba kubwa ya kijani ikatokea: pauni mia tatu na themanini. Maxine hata hakuigusa kwa macho.

"Nakatwa tisini na mbili," akasema. "Hii itanikata ngapi?"

"Themanini na saba."

"Basi bonyeza, wifi."