Macho ya Kuazima

Mtu aliyeketi ubavuni mwa Mwalimu Kamaludin hakuwa na joto. Basi lilitoka Buxton nusu tupu, jua la saa saba likichoma vioo, lakini bega la abiria yule lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Alinukia udi uliomwagiwa maji.

Mwalimu hakushtuka. Siku zile alizungumza na kila mtu. Tangu daktari amwambie kwamba atapofuka kabla mwaka haujaisha, alitoka kila asubuhi kwake Mji wa Kale, akapanda basi au tuktuk, auone mji aliozaliwa. Alikula viazi vya Sidi, mama wa pale Buxton aliyewatukana wateja kwa mashairi, nao wakarudi kwa ajili ya matusi yayo hayo. Alikaa Liwatoni na Chonga, fundi wa mashua, aliyezibembeleza mbao kama mke aliyenuna. Kule Shimanzi, Mung'aro, dereva wa tuktuk, alimpitisha katikati ya malori huku akimwimbia kaswida aliyoikosea maneno, maana yeye ni Mkristo. Lakini nyuso zao aliziona kwa ukungu tu, na hilo lilimuuma.

"Laiti ningepata macho, hata ya kuazima," akajisemea.

"Ya kuazima yapo," abiria akajibu. "Wayataka?"

Mwalimu akacheka. "Nani asiyeyataka?"

"Basi sema."

"Nayataka."

Basi liliposimama, kiti cha ubavuni kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeshuka. Mwalimu akainua kichwa, akasoma bango la ng'ambo ya barabara herufi kwa herufi.

Wiki ile alizunguka kama kijana. Aliyaona makovu ya mikono ya Chonga. Aligundua kuwa Sidi ana jicho moja la kahawia na jingine la kijivu. Kila jioni alimsimulia mkewe, Mwanakuu, naye akasikiliza huku akipapasa meza kutafuta kikombe.

"Mwalimu," Mwanakuu akanong'ona siku ya tano, "mato yangu yana n'ni? Jana mlango niliuona. Leo nausikia tu."

Mwalimu akajua papo hapo. Akajua, na kesho yake bado akatoka. Alitaka siku moja zaidi.

Siku hiyo Sidi hakumtukana; alimtazama tu na kuuliza, "Mkeo hajambo?" Mwalimu akaondoka upesi, akafika Liwatoni, na Chonga, bila kuinua uso kutoka kwenye mbao, akauliza, "Mkeo hajambo?" kwa sauti ile ile ya Sidi, sauti ya mwanamke, na Mwalimu akasimamisha tuktuk ya kwanza iliyopita, akajitupa ndani, akashukuru kuona ni Mung'aro, akamwambia amkimbize nyumbani, na njia nzima Mung'aro hakuimba, na harufu ya udi ulioroa ikazidi hadi ikawa nzito kooni, na walipofika mlangoni dereva akageuza shingo polepole, midomo imefumbwa, na sauti ikatoka vivyo hivyo.

"Mkeo hajambo?"

Mwanakuu alikuwa sakafuni, macho wazi, haoni kitu.

Wakamwita Sheikh Khubaib, mganga wa kitabu. Akafukiza ubani, akasoma hadi jasho likamtiririka. Kichwa cha Mwanakuu kikaanza kuyumba, na sauti nzito ikatoka kinywani mwake.

"Mimi si mwizi. Aliulizwa, akasema nayataka."

"Mrudishie mama wa watu macho yake," sheikh akaamuru.

"Huyo bwana ayaache kwanza."

Sheikh akamvuta Mwalimu kando. "Jini hana ahadi, ndugu yangu. Giza lako wewe nina hakika nalo. Nuru yake yeye sina."

Mwalimu akamtazama mkewe kwa muda mrefu: kipini cha puani, nywele nyeupe zilizochomoza chini ya mtandio, mdomo ambao kwa wakati ule haukuwa wake. Kisha akasema, "Nayaacha."

Kukawa giza.

"Mwanakuu, waniona?"

Alisubiri. Akasikia pumzi za mkewe, kisha kilio kidogo.

"Sioni, Mwalimu. Wallahi sioni."

Sheikh Khubaib alikuja kusoma siku saba. Siku ya nane alituma salamu kwamba miguu inakataa kuvuka kizingiti, wamsamehe.

Baada ya miezi miwili, jirani yao Swafia aliwaletea wali. "Mwalimu, jana nilikwita kule Makadara ukanipita," akasema. "Ulikuwa ukitazama kila kitu, kama mtu aliyeteremka melini leo."

"Hajatoka," Mwanakuu akasema kwa sauti ya chini. "Hajavuka mlango huo tangu yale."

Walisikia sahani ikiwekwa chini, kisha ndara zake zikienda mbio uchochoroni. Hakurudi, na majirani wengine wakaacha kuja.

Sasa hodi hupigwa kila siku baada ya adhuhuri, kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe, ya upole, mara tatu. Mwalimu yumo ndani, ameushika mkono wa mkewe, ameuma meno. Humwambia kila mara, "Usiitike. Mimi niko hapa." Naye huuliza, "Nitajuaje kuwa ni wewe?"

Juzi Mwanakuu alikuwa amesinzia. Hodi ilipopigwa, alizinduka na usingizi bado umo kichwani, akaisikia sauti ya mumewe mlangoni, na kabla Mwalimu hajamziba mdomo akaitika, kama alivyoitika kwa miaka arobaini.

"Karibu."