Ruhusa Niliyokataa Kumpa Mama Neema

Ndugu wasomaji, nina miaka sabini na moja, na haya ninayaandika kwa vidole vyangu mwenyewe. Zamani vilikuwa sifa yangu hapa Bunia. Leo ni aibu yangu... Nisikilizeni kabla sijazikwa nayo.

Vita vilipopoa (hatukuthubutu kusema vimekwisha), mimi na mke wangu, Mama Neema, tulirudi kutoka Mahagi kwa ndugu zake, tulikokuwa tumekimbilia. Tulifungua sekretaria, kibanda cha mbao chenye ordinatere (kompyuta) mbili za zamani. Watu wengi walikuwa wamepoteza karatasi zao zote, basi tuliwaandikia barua za komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, maombi ya kazi, vyeti vya ubatizo.

Mimi nilijifunza kupiga mashini, yaani kuchapa, sekondari. Nilikuwa na mbio! Watu walisimama mlangoni kusikiliza tu. Lakini niliacha makosa kila mahali, na Mama Neema, aliyepiga kwa vidole viwili, ndiye aliyesoma kila karatasi na kuyazungushia duara kwa kalamu ya bic kabla mteja hajaondoka.

Siku moja akaamua kujifunza vizuri. Mchana, wateja wakipungua, alifunika mikono yake kwa kitenge ili asiangalie herufi. Alipapasa vile vidoti viwili vilivyo juu ya F na J kwenye klavye, ule ubao wa vitufe, kwa vidole vya shahada, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani polepole, kila herufi pigo moja. Akikosea, hakuongeza mbio; alipunguza, mpaka mstari utoke safi mara tatu. Ndipo alipoharakisha kidogo. Tarakimu zilimchukua wiki nzima, maana kwenye klavye yetu ya Kifaransa lazima ushikilie kitufe kingine ndipo zitoke.

Nilimcheka. "Mama Neema, unapiga mashini ao unatwanga majani ya sombe?"

Akanijibu bila kuinua kichwa: "Weye unakimbia, Papa Neema. Lakini kila siku ni miye narudia nyuma kuokota vyenye umeangusha."

Laiti ningeelewa siku ile!

Kisha ofisi moja ya misaada ikatangaza mtihani wa kumpata sekretere. Kila mtu alisema kazi ni yangu. Mama Neema aliomba naye ajaribu, nikakubali huku nikicheka. Tulipewa ukurasa mmoja na dakika kumi, na kila kosa lilikula maneno kumi katika hesabu yako. Mimi nilimaliza wa kwanza, nikanyoosha mikono watu wanione. Yeye hakufika hata mstari wa mwisho.

Matokeo yakabandikwa mlangoni. Mke wangu alikuwa wa kwanza. Mimi wa tano...

Zakaria, rafiki yangu mwenye pikipiki, akapaza sauti mbele ya watu: "Muzee, kesho utabeba kikapu, uende soko! Bibi ataenda biro, kwa ofisi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Neema hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Hii kazi ni ya siye wote."

Wakati ule sheria ilitaka mwanamke aliyeolewa awe na ruhusa ya mume kwa maandishi ndipo aajiriwe. Mistari minne tu na saini. Ofisi iliitaka kabla ya Ijumaa.

"Niandikie, Papa Neema," aliniomba. "Weye iko na mbio, ni dakika moja."

Nikasema kesho. Kesho yake nikasema hakuna moto, yaani umeme. Siku iliyofuata nikasema wino umekwisha. Mimi, mwenye mbio kuliko wote Bunia, nilishindwa mistari minne! Alhamisi aliipiga mwenyewe, bila kosa hata moja, akaniwekea mbele pamoja na bic. Niliisukuma pembeni. Nikamwambia mwanamke wangu hatapokea amri ya mkubwa mwingine.

Ijumaa ikapita. Jumatatu mtu mwingine akakaa kwenye kiti chake.

Hakunipigia kelele. Heri angepiga! Aliichukua karatasi, akakikunja kile kitenge, na hakugusa klavye tena. Wala hakusoma tena karatasi zangu.

Sasa nani angeokota nilivyoangusha? Mjane mmoja alinirudia akilia: nilikuwa nimekosea mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wake, na shule ilimfukuza mlangoni. Mwingine jina la baba yake nililiruka. Habari zikaenea. Wateja wakahama mmoja mmoja, mpaka nikabaki mimi na mbio zangu. Nikafunga kibanda.

Mama Neema alirudi Mahagi kuuza maharagwe. Nilijiambia nitamfuata nimwombe msamaha... mwezi ujao, halafu mwezi ujao. Kwa hilo sikuwa na mbio! Binti yetu Neema aliponipigia simu kwamba mama yake amezidiwa, nilipanda lori, likazama katika matope siku mbili. Nilikuta wameshazika.

Neema alinipa kile kitenge. Ndani yake ilikuwa ile karatasi, imekunjwa mara nne, safi, na nafasi ya saini yangu ingali tupu.

Wasomaji, siku hizi sheria imebadilika. Mwanamke hahitaji tena ruhusa hiyo. Lakini mimi ninakaa kwa Neema, ninafunika mikono kwa kitenge cha mama yake, ninapiga mistari ile minne. Polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofanya. Ilinichukua wiki nyingi kuitoa bila kosa. Ndiyo, ninaweza, hata katika uzee! Kumbe sikukosa uwezo. Nilikosa unyenyekevu.

Vijana mnaojifunza kazi hii, nawasihi, tafuteni kwanza usafi. Mbio zitakuja zenyewe. Na wewe mume, mkeo akikushinda, mpigie makofi uwe wa kwanza. Akikuletea karatasi na bic, usiseme kesho.

Ile niliyoipiga mimi, nilitia saini yangu juzi. Karatasi iko hapa mezani, haina kosa hata moja... Nimpelekee nani?